Si Kila Uvimbe ni Busha

Wewe mwanaume unayesoma hapa, mara ya mwisho ulijipapasa korodani lini?

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali mjini Mtwara, mbele ya mlango usiofunga vizuri. Ndani walikuwamo ndugu wawili, wakulima wa korosho kutoka Nanyamba. Mdogo ndiye mwenye uvimbe, lakini mkubwa ndiye aliyejibu kila swali.

"Busha tu hilo, daktari, hata halimuumi. Madafu ndiyo yamemponza."

Benchi zima tulicheka. Huku kwetu mwanaume akivimba, kosa ni la dafu, na dafu halijitetei.

Daktari hakucheka. "Busha ni maji, kaka. Hili ni gumu, na kutouma si nafuu. Vipimo vinaonyesha saratani, imeshafika kwenye mapafu. Tutamtibu, ila mngewahi ingekuwa kazi nyepesi. Mwaka mzima mlikuwa wapi?"

"Mimi nilitaka kuja," mdogo alisema, akamtazama kaka yake.

Kaka alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Mimi ndiye niliyemzuia, daktari. Nilimwambia akivuliwa nguo na manesi ataaibisha ukoo."