Nilimwonea Haya Mkwe, Akalipa Jamnabai

Kosa ni langu. Sitamsingizia Shetani, wala daktari, wala njia mbovu ya shamba. Nimekaa nalo masika mawili, na linanila kama mchwa anavyokula mlango: nje rangi inang'aa, ndani hamna kitu.

Jina langu silitaji. Wa Mtambile, hapa Pemba, watanijua tu, maana huku hakuna asiyenijua, na hilo ndilo lililoniponza.

Nikueleze kwanza mimi ni nani, ndugu yangu, ili ujue nimeanguka kutoka wapi. Baba yangu aliniachia jembe lisilo mpini. Skuli niliishia darasa la pili. Ujana wangu nimeumalizia bandarini Wesha, nikipakia magunia ya karafuu kwa mgongo. Leo nina gari la mizigo langu mwenyewe, nina nyumba ya bati, nina mikarafuu ambayo sikurithi kwa mtu. Hakuna aliyenishika mkono. Vyote nimevipata kwa jasho na kwa ulimi.

Kwa ulimi, naam. Nilipokuwa mtoto niliwekwa dukani kwa Mhindi, nifagie na nipime sukari. Pale pale nikakiokota Kikachi, lugha yao ya nyumbani, neno moja moja, kama kuku anavyookota punje. Mwenye duka alikuwa akisema akifumba macho hajui kama anayesema ni mimi au mpwa wake.

Basi walipokuja wale wake wa Kihindi, wanaoolewa huko kwao na kuletwa huku bila hata neno moja la Kiswahili, nani aliyewapeleka posta? Nani aliyewaandikishia watoto wao skuli? Nani aliyesimama nao kwa mudiri wa serikali jirani alipowazibia njia ya kisima? Mimi. Na sikuchukua malipo. Nilichukua sifa, na sifa ina utamu kuliko pesa. Watu wakaniita Mdomo wa Wahindi. Nikilisikia jina hilo natembea kifua mbele.

Mbele ya baraza yangu alikuwapo fundi cherehani, jina lake Kanji. Mtu mpole, mwembamba, futi ya kupimia haimtoki shingoni. Mkewe Jamnabai alikuwa ndiyo kwanza ameletwa kutoka Kachi, na haukupita mwaka akawa mzito. Kanji kwa furaha akaanza kushona vishati vya mtoto kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Ukipita dukani pake unaviona vimetundikwa kwenye kamba, kimoja cha kanzu yangu, kimoja cha koti la mwalimu, kimoja cha gauni la bi harusi.

"Kanji, wewe unamvisha mtu ambaye hajafika," nikimtania.

"Akifika asinikute sina kazi ya kumwonesha," hunijibu. Kwa Kikachi, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kupimia nguo tu: refu, fupi, kaza, legeza.

Siku moja akanijia. Mkewe hajisikii vizuri, hali chakula, uso umempauka. Amemuuliza, kasema atamwambia daktari. Kanji akaniomba niwapeleke spitali, kisha akasema kwa kusitasita, "Labda tumchukue na mke wa sonara. Anajua Kiswahili, na haya ni mambo ya kike."

Ndugu yangu, hapo ndipo mlango wa mashaka ulipofunguka, na mimi ndiye niliyeufungua. Niliudhika. Nikamwambia, "Kanji, una wasiwasi na mimi? Mke wa sonara anajua kununua mchicha. Mimi nimesema mbele ya hakimu." Akainamisha kichwa, akaniomba radhi. Yeye akaniomba radhi mimi.

Tukenda. Kanji akabaki nje kwenye benchi, mimi na Jamnabai tukaingia. Daktari alikuwa kijana wa Unguja, mstaarabu, Kiswahili chake laini. Na kando yake, ameshika pazia, alisimama mkunga wa spitali, Bi Mize.

Sasa nielewe vizuri. Bi Mize ni mkwe wangu. Mwezi uleule nilikuwa nimemuoa binti yake, Riziki, mke wangu wa pili. Kwa umri tunalingana, pengine namzidi, lakini mkwe ni mkwe. Nikimwona njiani nazima sigireti na kusimama kando mpaka apite. Sijapata kula mbele yake. Neno la chumbani au la mwili wa mwanamke, hata kwa mafumbo, halitoki kinywani mwangu akiwa karibu. Ndivyo tulivyolelewa Pemba, na anayelelewa vingine huambiwa hana kwao. Nilijua anafanya kazi pale. Sikukumbuka kufikiri kwamba nitasimama naye chumba kimoja.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiangalia sakafu.

"Marahaba, baba. Riziki hajambo?"

"Hajambo."

Daktari akauliza, "Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

Nikamgeukia Jamnabai, nikamuuliza. Akavuta ushungi wa sari yake mpaka kwenye midomo, akaanza kusema. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema kwa kirefu. Alisema siku kadhaa sasa akiamka anakuta damu kwenye nguo, damu nyekundu, mbichi, na wala hasikii maumivu. Kwamba asubuhi ile imekatika lakini anajua itarudi. Kwamba huko kwao dada yake ilimwanza vivyo hivyo na mwisho wake haukuwa mzuri. Kwamba mumewe hajamwambia. "Mwambie daktari kila kitu, kaka," akasema. "Mimi hapa sina mdomo mwengine."

Mwanamke mgeni, hata mwaka hajatimiza kisiwani, aliivunja haya yake mbele ya mwanamume asiye ndugu yake ili mwanawe apone. Mimi, mwanamume mzima, mwenye gari na mikarafuu, nikaangalia miguu ya Bi Mize chini ya pazia, ulimi ukanifa.

Nikamwambia daktari, "Anasema amechoka. Mwili umemlegea."

Daktari akaniangalia. "Kasema hayo tu?"

"Hao wanawake wana maneno mengi, daktari. Maana yake ndiyo hiyo."

"Hebu muulize kama kuna kitu kinachomtoka."

Nikamgeukia Jamnabai, na badala ya kuuliza nilichoambiwa niulize, nikamuuliza kama anapata usingizi. Akashangaa. Akarudia yaleyale, na safari hii akagusa pindo la nguo yake kwa kidole, daktari aone. Mimi nikasema haraka, "Hapana, daktari. Ni uchovu tu na kukosa usingizi."

Daktari akampima kwa juu ya nguo, akamsikiliza mtoto, akatabasamu. Akampa vidonge vya kuongeza damu na kumwambia asibebe maji. Tukatoka.

Ndani ya gari Jamnabai aliniuliza, "Umemwambia yote?"

"Yote," nikasema.

Sikujua kwamba neno dogo kama hilo linaweza kuwa zito kuliko gunia. Nilijipa moyo: damu imekatika, vidonge amepewa, Mungu yupo. Nikasema kesho nitarudi mwenyewe kwa daktari, kwa siri, nimwambie wakati mkwe wangu hayupo. Kesho ikaja na magunia ya kupeleka Wesha. Kesho nyengine nikasema hebu niangalie kwanza, mbona namwona anafagia uwanja, mzima. Nikaacha.

Ijumaa, tumetoka kusali, nimekaa barazani na wenzangu tunakunywa kahawa. Kanji akaja mbio, pekupeku, futi imemning'inia shingoni. Alinishika mkono wa kanzu akawa ananivuta.

Sitakueleza nilichokiona ndani kwake. Nilimlaza Jamnabai kwenye gari, juu ya magunia matupu, na njia yote Kanji alikuwa akimsemesha na mimi nikisikia, maana Kikachi nakijua. Siku hiyo nilitamani nisingekijua.

Daktari yuleyule. "Damu hii imeanza lini?"

Bi Mize alikuwa pale pale, mikono yake imeshashika kazi. Nikasema mbele yake, kwa sauti iliyonitoka kama ya mtu mwengine, "Ilikwishaanza siku ile tuliyokuja."

Daktari hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Angelala hapa siku ile, tungemwangalia," akaingia ndani, pazia likafungwa.

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Jamnabai alipona, lakini kizazi chake hakikupona. Hatazaa tena.

Nilikuwa nimekaa benchi la nje Bi Mize alipotoka akifuta mikono. Nikasimama, nikainamisha macho kama kawaida.

"Kaa, baba," akasema. Na akakaa yeye pia, benchi hilohilo, jambo ambalo mkwe halifanyi. "Siku ile alikwambia?"

"Alinambia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuonea haya, mama."

Akasema taratibu, "Miye? Miye damu ndiyo kazi yangu, baba. Vijana wa Mtambile nzima nimewapokea kwa mikono hii. Hiyo haya umenipa weye, miye sikukuomba." Akainuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Ungenambia nitoke. Neno moja tu. Ningetoka."

Ndugu yangu, neno hilo silisahau mpaka naingia kaburini. Ningeweza kumwambia atoke. Halikunijia. Akili yangu yote ya kununua mashamba haikunipa njia nyepesi kama hiyo.

Msiba haukuishia hapo. Baada ya muda Kanji akanijia na kanzu mpya ya kitambaa cha doriani, nyeupe, kashona mwenyewe, tarizi shingoni. "Ungechelewa na gari siku ile ningempoteza na mke," akasema. "Sina cha kukulipa." Na mimi, Mdomo wa Wahindi, niliyejaa maneno, nikaipokea kanzu. Nikasema ahsante.

Vile vishati akaviondoa kwenye kamba. Sikumuuliza amevipeleka wapi.

Sijapata kuivaa kanzu ile. Imekaa sandukuni, na kila nikifungua sanduku inanitazama.

Huku nyuma Jamnabai akajifunza Kiswahili. Hakumwendea mwalimu, alikaa na wanawake, kisimani, kwenye kuchambua karafuu, kwenye kusuka ukili. Akaja kusema Kipemba kitupu, cha shamba, hata mtu wa Unguja akimsikia atacheka. Mimi nikawa namkwepa. Namwona kisimani, nageuza gari.

Mwaka huu Riziki amejifungua mtoto wa kike. Siku ya arubaini wanawake walijaa ndani, na mimi niko uani nachinja kuku. Akatokea Jamnabai na kifurushi. Akakiweka juu ya kinu, akakifungua mwenyewe. Vile vishati. Kile cha kanzu yangu, kile cha koti la mwalimu, kile cha gauni la bi harusi.

"Vya mwanao," akasema. "Kwangu havina kazi."

Nikaweka kisu chini.

"Weye siku ile nilikupa maneno mengi," akasema, kwa Kiswahili, polepole. "Ukampa daktari machache. Kiswahili sikukijua, kaka, lakini urefu wa maneno nnaujua. Nimeujua palepale."

"Mbona hukumwambia Kanji?"

"Anakupenda. Mtoto kashapoteza. Nimpotezee na rafiki?"

Akaingia ndani kwa wenzake, na nikamsikia akimwimbia mwanangu.

Jioni ile nilichukua ile kanzu nikavuka njia. Kanji alikuwa kwenye cherehani. Nikaiweka mezani, nikamwambia yote, kwa Kikachi, bila kupunguza neno. Nilidhani atanipiga, na ningesimama anipige. Aliendelea kukanyaga cherehani, na mguu wake haukusita, ila nguo alikuwa ameshaimaliza na sindano ilikuwa inashona hewa. Mpaka leo hajanisemesha. Nikimtolea salamu anaangalia kitambaa.

Nimelipa, msomaji. Nimempoteza jirani ambaye nisingempata kwa mashamba yote niliyonunua. Mkwe wangu hunijibu salamu, lakini habari za Riziki hamuulizi kwangu tena, humuuliza mwenyewe. Na lile jina langu la sifa, likitajwa barazani, naona watu wanaangalia chini.

Wewe unayejua lugha ya mgeni, usijione umepewa cheo. Umebebeshwa amana ya mtu. Ifikishe kama ulivyokabidhiwa, iwe inakuaibisha, iwe inakuchoma. Ukishindwa, sema umeshindwa, utoke nje, aingie mwengine. Na haya, wazee wetu wametuachia tusitiriane, hawakutuachia tuuane nayo. Kabla hujaificha kauli ya mgonjwa kwa heshima ya mtu, mwombe kwanza huyo mtu aondoke. Hatakasirika. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa nimeshachelewa.

Wake wapya bado wanaletwa kutoka Kachi, na bado wanaumwa. Siku hizi anayewapeleka ni Jamnabai. Huja akasimama mbele ya gari langu na mgonjwa wake kajitanda, akaniambia, "Twende." Mimi naendesha taratibu, nakwepa mashimo. Tukifika wao huingia kwa daktari, na mimi hukaa kwenye lile benchi la nje, nikanyamaza.