Mwitaliano Aliyekula Ugali Kwetu

Mwezi uliopita nilipangiwa mgonjwa mpya wa kumhudumia nyumbani kwake, mjini Saint Paul. Nilipofika kwenye ile anwani nikabaki nimekaa ndani ya gari. Kilikuwa kiwanda alichofanyia kazi baba zamani. Matofali ni yaleyale mekundu, ila sasa ni nyumba za kupanga, na pale malori yalipopakia majembe ya matrekta kuna mtu anatembeza mbwa.

Wakati ule, rafiki yangu, tuliishi Cedar, mtaa wa maghorofa marefu, ghorofa ya kumi na tano. Nilikuwa na miaka kumi, mitatu tangu tutoke Kigoma kuja huku ughaibuni. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Akirudi, koti lake lilinuka chuma kilichoungua. Mimi nililitundika dirishani, kisha nikakaa na mama kuchambua dagaa aliotuma bibi. Jumamosi milango ya korido nzima ilikuwa wazi. Kitunguu kikikaangwa kwetu, jirani wa mlango wa tatu alishafika na sahani yake. Alikuwa mama wa Kikenya, akifanya kazi kiwanda kimoja na baba, upande wa vipuri. Waafrika walikuwa wengi pale, na walimsikiliza baba. Wenye ugomvi walikuja kwetu, wakaondoka wanacheka.

Kampuni ya Kiitaliano ilipokinunua kiwanda, ilimleta Mkurugenzi. Ndivyo tulivyomwita nyumbani. Siku moja alisimama mezani kwa baba, akapitisha kidole kwenye kiungo alichochomelea, akasema hata kwao mafundi wa namna hiyo wamepungua. Baba, kwa furaha, akamkaribisha chakula.

Akaja kweli, Jumamosi moja baridi ilipokuwa inaanza. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikula ugali kwa mkono, ukamuunguza, akacheka hadi machozi. Akatusimulia maisha yake: baba yake alichimba makaa ya mawe, naye aliingia kiwandani na miaka kumi na minne, akifagia. Jioni alisoma uhandisi. Akapanda mpaka akaongoza kiwanda, kisha vitatu, hadi mawaziri wa kwao wakawa wanampigia simu. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo mimi nilimtafsiria. Nakumbuka nilivyotafsiri maneno ya mgeni ya kumalizia, nikijiona mtu mkubwa: "Anasema ametoka chini kama sisi. Anasema akiwa hapa, kiwanda hakifungwi."

Mama alimwongezea mchicha.

Baada ya Krismasi uvumi ukaenea kwamba mashine zinahamishwa nchi nyingine. Wafanyakazi wakataka kugoma. Waafrika walikutana sebuleni kwetu, wengine wamekaa kwenye mkeka na makoti yao.

"Tugome sasa, bado wanatuhitaji," alisema jirani. "Ama a-sign karatasi kwamba hafungi."

"Dada yangu, yule mtu ameniahidi ndani ya nyumba hii," baba akajibu. "Tukigoma, tunamwaibisha bure."

"Mzee, unamwamini kwa sababu alikula ugali kwako?"

"Namwamini kwa sababu alinitazama machoni."

Jirani alitutazama wote, akashusha pumzi. "Sawa. Wewe ukisema, sisi tunakufuata."

Waafrika wakajitoa, na mgomo ukafa.

Theluji ilipoyeyuka, mashine zikapakiwa kwenye malori. Mkurugenzi hakuonekana, alitumwa mtu kusoma tangazo la kufunga kiwanda. Siku ya mwisho katibu wake alimfuata baba kwenye maegesho, akilia. Alimwambia mkataba wa kuhamisha mashine ulikuwa umeshatiwa saini kabla ya ile Jumamosi. Tena wiki hiyohiyo Mkurugenzi alikuwa amemuuliza yeye katibu: hawa Waafrika wanamsikiliza nani?

Baba alitueleza hayo akiwa bado amevaa koti. Yale maneno, kwamba kiwanda hakifungwi, yalikuwa yamepita kinywani mwangu.

Yule bwana alipanda cheo tena, akawa mkuu wa kampuni nzima. Magazeti yalimsifu kwamba aliiokoa. Jirani alihamia kitongoji cha New Hope bila kuaga. Miaka miwili baadaye yeye na baba walijikuta ghala moja kule Shakopee, zamu moja. Jirani alimsalimia baba kama unavyomsalimia mtu usiyemjua kwenye lifti. Korido yetu ilibaki na milango iliyofungwa, Jumamosi kama Jumatatu.

Viwanda hufungwa, hilo nimelikubali. Lakini yule mtu aliingia kwetu akijua anachokitafuta: imani ya watu kwa baba. Akaitumia, akaimaliza. Niliwahi kumuuliza baba kama Jumamosi ile ya ugali alishuku chochote.

"Ningeshuku, ningesimama mbele ya watu nikasema vile?" alinijibu.

Sasa amezeeka. Kwenye mikutano ya Watanzania wa hapa, vijana wasiojua habari hizi humpa kiti cha mbele na kumwomba atoe neno. Hutabasamu, akatikisa kichwa.

"Waulizeni wengine," husema.