Mikono Isiyopakwa Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndama mmoja. Alikuwa ndama wa ayala, wale paa wakubwa wa Ulaya wanaofugwa kama ng'ombe. Jike, kazaliwa alfajiri na mama yake amekufa. Shamba lilikuwa nje ya Birmingham, ukishapita Great Barr, mahali ambapo ukungu hulala juu ya nyasi hata usijue ua unaishia wapi.

Msimamizi wetu, mzee Singasinga wa Handsworth aliyezaliwa Kisumu, aliniambia, "Mama, huyu anywe leo. Asipokunywa, kesho hatuko naye."

Ninyi mnaoanza kazi hii, shikeni haya. Maziwa ya kwanza ni dang'a, yale mazito. Sisi tulitumia ya mbuzi. Yapashe, udondoshe tone kwenye kifundo cha mkono: usisikie moto wala baridi. Ndama asimame, ukimlaza chali maziwa yataingia mapafuni. Mfunike macho kwa kiganja, aone giza kama la chini ya tumbo la mamaye. Kisha msugue mkiani kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, adhani ni ulimi.

Nilifanya yote hayo. Saa nne alibana midomo. Saa sita vilevile. Saa nane miguu ilianza kumlegea, na kilio chake kikawa chembamba kama mlango unaofunguliwa mbali sana.

Msimamizi akaja, akanusa hewa.

"Wewe umekuja kazini ama harusini?"

"Ni mafuta tu, mzee. Mama alinikataza kutoka nyumbani na ngozi iliyopauka."

"Mama yako alinyonyesha ayala? Nenda oga. Sabuni hapana!"

Nikajisugua kwa maji matupu, kisha kwa majani makavu aliyolalia marehemu mamaye. Niliporudi ndama alininusa kiganja, kwa muda mrefu. Akafumba macho. Chuchu ya chupa ikavutwa mara moja, mara mbili, na banda lote likawa kama linapumua pamoja naye.

Mimi niliyekuwa simalizi msimu wa baridi wa pili mahali pamoja, nilikaa pale miaka tisa, mikono mikavu. Jike aliyelelewa kwa chupa hachinjwi mapema, kwa kuwa haogopi watu. Hutangulia getini na kundi humfuata. Wangu ndiye aliyetangulia.

Goti liliponishinda nikaagwa. Siku hiyo nilipendeza: gauni la kanisani, mafuta mwili mzima. Nikaenda uani kumuaga. Akaja mbio, akasimama hatua mbili kabla ya kunifikia, akanusa. Akageuka, akaingia ukunguni, na kundi nyuma yake.

Sasa nazurura madukani Kings Heath, na binti yangu ananung'unika kwa Kiingereza kwamba mikono yangu ni mikavu kama magome. Najua. Sijaipaka kitu tangu siku ile. Jumamosi hii, goti likikubali, nitapanda basi la Great Barr.