Sauti Yangu Ndani ya Mashine Yake

Kuna mzee mmoja hapa Eldoret ambaye nikimwona akipita mtaani Kimumu huwa natabasamu, na si kwamba nampenda. Nikisema nilimsamehe nitakuwa nadanganya. Kanisani tunakaa upande mmoja, na mchungaji akisema tusalimiane, namshika mkono na kuukamua zaidi kidogo kuliko inavyofaa. Jina lake silitaji. Alikuwa na kibanda cha kuonyesha video, basi tumwite Mwenye Video.

Ugomvi wetu ulitokana na muvi. Ni ile muvi ya zamani ya upanga na uchawi, ambayo Baba aliiona mjini wakati bado kulikuwa na jumba la sinema. Baba alikuja huku kutoka upande wa ziwa, akapata kazi ya kubeba magunia kwenye kinu cha unga. Kwetu tiketi ilikuwa ya mtu mmoja tu, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba anayeenda sinema anarudi kuwasimulia wengine, bila kuruka kitu. Siku hiyo Baba alisimama sebuleni na mwiko wa ugali, akapigana na watu ambao hatukuwaona, kutoka mlangoni hadi jikoni, Mama akimwambia atavunja taa.

Hadithi yenyewe ni rahisi. Mchawi mwenye barakoa ya dhahabu anakausha kisima cha mzee mmoja, mzee anakufa kwa kiu, na mtoto wake anachukua upanga na kwenda kumtafuta. Njiani kuna baridi, kuna joka, kuna msichana anayejua njia. Yule kijana anaangushwa kila mara. Na kila akianguka, Baba alilala chini kabisa kwenye saruji, sisi tukanyamaza, kisha akainua kichwa polepole na kusema: "Sijachoka. Napumzika tu."

Hayo maneno hayakuwa kwenye muvi. Yalikuwa yake. Ndiyo aliyosema akirudi kutoka kinuni, nywele nyeupe kwa unga, akikaa kwenye stuli kabla ya kuvua viatu. Na ndiyo aliyomwambia Mama mara ya mwisho alipoongea naye, hospitalini, Mama akimwekea mto vizuri.

Watu huniuliza mbona nilipenda hiyo muvi hivyo, na mimi ni mtu mzima. Nawaambia ni kwa sababu adui wa kwenye muvi anakaa juu ya mlima, ana mlango mmoja, na kila mtu anajua yeye ni adui. Unanoa upanga, unapanda. Wetu wa hapa anakuuliza mama yako anaendeleaje. Anakununulia chai na mandazi. Utampandia wapi mtu kama huyo?

Basi. Nilipokua nikawa dijei wa video, maana hapa kwetu dijei si mtu wa muziki tu. Ni yule anayekaa kando ya televisheni na maiki, anapunguza sauti ya Kizungu na kuwatolea watu muvi yote kwa Kiswahili, sauti ya kila mtu, hadi ya farasi. Kibanda cha Mwenye Video kilikuwa cha mabati, na viti vilikuwa mbao juu ya matofali. Jumapili baada ya kanisa kilijaa hadi watu wakachungulia madirishani, na waliloomba ni moja, niwawekee ile ya upanga. Kijana akianguka, nilinyamaza vile Baba alivyonyamaza, halafu nikayasema yale maneno yake. Nimeona mafundi wa jua kali wakijifuta macho na kofia.

Mwenye Video aliniita kijana wangu. Siku moja akaniambia nipumzike kidogo, anataka kutengeneza kibanda. Kumbe alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nilikuja kujua nikiwa huko Chepsaita, nje ya mji, nimeenda kwa mambo ya mahari ya binamu yangu. Tulikuwa tunangoja wazee, na kwenye kibanda cha kinyozi cha karibu nikasikia mtu anaongea kwa sauti yangu. Nikaingia. Ilikuwa muvi yetu, na nilikuwa mimi, hadi kikohozi changu. Ila mwanzoni mwake Mwenye Video alikuwa amejitangaza kwa sauti yake nzito kwamba yeye ndiye dijei. Kinyozi akaniambia flashi zake za muvi zimejaa kila mahali, huyo mzee ni moto. Miezi yote hiyo mashine yake ya maiki pale kibandani ilikuwa inanirekodi na sikujua.

Nilimwendea. Nilienda kwa adabu, nikamwita Mzee, nikamwomba angalau atoe maneno ya Baba. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma na hakuacha kula, akakohoa kile kikohozi chake kikavu. Akaniambia: "Sauti ni yako, sawa. Lakini mashine ni yangu."

Kisha akapangusa mkono kwenye tumbo, vile alivyozoea, akaniuliza Mama anaendeleaje.

Ningeweza kunyamaza, Mungu anajua. Kazi nyingine ningepata. Lakini wiki hiyo Mama alienda sokoni kununua mboga, akapita kwenye duka la kuweka muvi kwenye flashi, akasikia maneno ya mumewe, kwamba anapumzika tu. Alisimama hapo na mfuko wake hadi maneno yakaisha. Akamuuliza muuzaji ni ya nani, akaambiwa ni ya yule mzee wa Kimumu, huo ndio msemo wake, hata ameuchora ukutani. Mama alirudi nyumbani, akaweka mboga mezani bila kuzichambua. Akaniambia: "Kwa hivyo baba yako hata maneno hakutuachia."

Hapo nikasema huyu mtu atanitambua. Sikujua lini wala vipi, lakini nililala na hilo na kuamka nalo. Nikioga nilimpiga mawazoni. Nikila nilimpiga. Nilienda kuangalia ukuta wake na nikakuta kweli, maneno ya Baba kwa rangi nyekundu, na chini yake jina la mtu ambaye hajawahi kubeba hata nusu gunia.

Kiburi ndicho kilichomleta mkononi mwangu. Alijenga ukumbi mkubwa, wa mawe, na siku ya kufungua akaalika wakubwa wa mtaa, mchungaji, wenye maduka, kila mtu. Alitangaza ataonyesha ile ya upanga kwenye skrini kubwa, picha safi kabisa. Nikalipa kiingilio kama watu wengine, nikasimama nyuma. Nilitaka tu kumwangalia nikiwa karibu. Sikuwa na mpango wowote.

Ile picha safi ndiyo iliyomponza. Nakala tuliyozoea ilikuwa ya zamani, imekatwakatwa, na sauti yangu niliipima kwa hiyo. Nakala mpya ilikuwa na vipande ambavyo hatukuwahi kuona. Dijei yeyote angejua. Yeye hakujua, kwa sababu hakuwa dijei. Alibandika sauti yangu juu yake akaketi mbele kwenye kiti cha plastiki, suti mpya, miguu imenyooshwa.

Mwanzo kulienda vizuri. Halafu joka likaanza kuongea maneno ya mapenzi. Msichana akafungua kinywa, ikatoka sauti ya farasi. Mchawi akalilia kisima cha baba yake. Watu wakacheka hadi wengine wakashuka vitini, kisha wakachoka kucheka, wakaanza kupiga sakafu kwa miguu. Wakasema si dijei yupo hapa, si jina lake liko ukutani, achukue maiki basi. Mchungaji mwenyewe akamgeukia akitabasamu.

Akasimama. Akaichukua maiki. Akasema sasa huyu anaenda. Sasa anarudi. Sasa ana upanga. Kisha akanyamaza, na ukumbi mzima ukasikia pumzi yake kwenye spika. Mama mmoja wa duka akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama huyu si yeye, basi yule wetu ni nani. Vichwa vya waliozoea kibanda vikaanza kugeuka nyuma. Mwenye Video akaniona. Akaninyooshea ile maiki mbele ya watu wote, akaniambia nimsaidie, kijana wake.

Nilitembea polepole. Nilitaka angoje.

Ile muvi sikuwahi kuitoa vizuri kama siku hiyo. Joka nililipa joka lake, farasi farasi wake. Lakini mchawi alipotokea na barakoa yake, akakohoa kama Mwenye Video. Akasema anapangusa mkono tumboni. Akawauliza wafungwa mama zao wanaendeleaje. Na alipokausha kisima, akamwambia yule mzee anayekufa: "Maji ni yako, sawa. Lakini ndoo ni yangu."

Cheko lilianzia kwa akina mama wa duka na kusambaa. Wakaanza kumwangalia yeye badala ya skrini. Hangeweza kutoka, mkubwa wa mtaa alikuwa amekaa kulia kwake na mchungaji kushoto. Kijana alipoanguka, nilinyamaza. Nilinyamaza zaidi ya Baba. Na ukumbi wote ukasema yale maneno, pamoja, bila mimi. Ndipo nikawaambia kwenye maiki kwamba hayo ni ya baba yangu, aliyebeba magunia kwenye kinu cha unga hapa mjini, na anayesema ni yake ni mwizi.

Mchawi anakufa haraka kwenye hiyo muvi. Mimi sikumwua haraka. Kila alipofungua kinywa nilimfanya aombe. Aliomba kwa sauti nzito, aliomba kwa kukohoa, akasema mashine chukua, ukumbi chukua, niachie roho tu. Nilimwonyesha cha mtema kuni. Mwenye Video alikuwa anaangalia viatu vyake.

Unajua mwizi haachi tabia. Mashine yake ilikuwa inarekodi siku hiyo pia. Watu walikataa flashi ya zamani, wakataka ile ya ufunguzi, na yeye, tamaa ni tamaa, akaiuza. Anaiuza mpaka leo, yeye mwenyewe ndani yake akipiga magoti. Pesa anakula, sikatai. Lakini hapati kibanda cha kinyozi cha kukalia ambapo hawajamwita Mchawi, na ukuta wake aliupaka rangi upya.

Mama nilimnunulia flashi moja. Tuliketi naye sebuleni, nikaipeleka mpaka pale ukumbi unaposema maneno ya Baba, kisha pale ninapomtaja. Alisikiliza na mikono mapajani. Nilidhani atalia, nikamuuliza kama nirudishe asikie tena.

"Hiyo nitasikia kesho," akasema. "Rudisha kwanza pale Mchawi anapoomba."