Shilingi Iliyokosa wa Kuipokea

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilivyozunguka soko la Tunduma na shilingi moja mkononi, nikakataliwa kila nilipoitoa. Ndiyo maana nikikusikia hapa dukani unamwambia mteja "hamsini sina, chukua pipi," naingiwa na hofu. Wewe unacheka, unasema bibi ana wasiwasi wa uzee. Haya, keti kidogo, chai haijachemka.

Tulikuwa tumehamia mjini wiki ile ile kutoka Ileje, chumba kimoja cha kupanga, majirani hata majina yao hatuyajui. Baba alikuwa safarini. Mdogo wetu wa mwisho, Ambakisye, alikuwa hajaanza hata kutembea. Akaanza kuharisha na kutapika, mpaka macho yakaingia ndani. Muuguzi wa zahanati akamwambia mama achemshe maji, yakipoa achanganye sukari na chumvi kidogo, amnyweshe bila kuacha. Sukari tulikuwa nayo. Chumvi ilikuwa imekwisha, na hela yote ya nyumba ilikuwa ile shilingi moja.

"Fungu moja, ukimbie," mama akaniambia. Sauti yake haikuwa ile ninayoijua.

Muuzaji wa kwanza hakuigusa. "Fungu ni tano sasa, dada. Hizo hazitembei." Wa pili akaniuliza, "Nikiipokea, mimi nitampa nani?" Wa tatu nilimkuta anapanga kwacha alizopewa na Wazambia. Hela ya nchi ya watu anaipanga vizuri, ya kwetu anaisukuma kwa kidole! Hakuna hata mmoja aliyesema serikali imeizuia. Kila mtu alimwogopa mwenzake tu. Na kwa kuwa sarafu iliyofuata ilikuwa ya tano, bei nayo ikaruka hadi tano, na fungu la mtu mwenye shilingi moja likaondoka mezani.

Ugeni ulinifunga mdomo. Sikumwambia mtu kuna mtoto anaumwa. Nilikuwa naona tu yale macho ya Ambakisye, nikihofu nitarudi nikute mama amemfunika.

Pembeni kabisa alikaa mama mmoja wa Ivuna na gunia lake la chumvi ya kwao, ile ya kijivukijivu. Nikamwamkia huku machozi yananitoka.

"Marahaba. Chumvi ya nini, mbona unalia?"

Alikuwa wa kwanza kuniuliza. Nikamweleza. Akafunga mafungu mawili kwenye gazeti, akaichukua shilingi yangu. "Hela ni hela, mwanangu. Kimbia!"

Ambakisye alinyweshwa kijiko kwa kijiko. Jioni akamkojolea mama mapajani, na mama akalia kwa furaha, maana mtoto aliyekojoa, maji yamemrudia mwilini, amerudi.

Laiti ingeishia hapo. Baada ya siku chache nilirudi kumshukuru yule mama, nikiwa na shilingi nyingine. Hakuipokea. Akafunua kopo lililojaa shilingi mojamoja. "Zote hizi nimepokea mimi," akasema, akitazama chini. "Konda wa gari la Ivuna hazitaki. Mwenye unga hazitaki. Nisamehe, mwanangu, sitaweza tena." Hofu ya siku ile ilizidi ile ya kwanza, kwa kuwa sasa hata mwenye huruma alikuwa ameshindwa. Je, kama chumvi ingeisha wiki hiyo badala ya ile, Ambakisye angepona?

Na wewe usiniambie hamsini huna. Nimeliona kopo la maziwa chini ya kaunta, limejaa hizo hamsini, umesema zinachosha kuhesabu. Sarafu hufa hivyo hivyo, mwanangu. Mmoja anazifungia, mwingine anazidharau, wa tatu anatoa pipi, halafu wote tunashangaa zimekwenda wapi. Zikiisha kabisa, kiberiti cha hamsini kitakuwa cha mia, na yule bibi wa kijiji cha Mpemba anayenunua kidogokidogo atapita hapa bila kusimama. Hatakulalamikia. Utadhani tu amehama.

Fungua hilo kopo leo. Ukipewa hamsini, ipokee kwa uso mzuri, na ukidaiwa chenji, itoe. Waombe na wenye maduka jirani wafanye hivyo, kwa kuwa yule mama wa Ivuna alikuwa peke yake, na peke yake hakuweza. Na mtoto akisimama dirishani na kihela kidogo, muulize kwanza ametumwa nini.

Babu yako mdogo anakuja Jumapili na pikipiki yake kutoka Galula. Atakula ugali wote kama kawaida yake, na wewe utanuna. Umwongezee. Huyo ndiye Ambakisye.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe mkono usiodharau kidogo, na asiruhusu mtoto wa mtu yeyote arudi nyumbani mikono mitupu kutoka kwenye dirisha lako.