Miringoti ya Shangazi Zuhurah

Shangazi yangu Zuhurah alikuwa akiuza sambusa Mbarara, Uganda, karibu na msikiti, na tangu utotoni jembe alikuwa akiliona dukani tu. Halafu mwaka wa themanini na mbili watu wa asili ya Rwanda tukafukuzwa, hata sisi tuliozaliwa Nyamitanga, hapohapo Mbarara. Tukafika Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, na mablanketi, sufuria, na sinia la sambusa ambalo shangazi alikataa kuliacha. Watu walimcheka. Sinia la nini porini? Baba alibaki anahangaika na biashara upande wa Kikagate, kwa hiyo shangazi ndiye alikuwa kichwa cha nyumba. Mimi na wadogo zangu tulikuwa mikono yake.

Tulipewa shamba kwenye mteremko juu ya ziwa. Shamba zuri kwa kulitazama. Mvua ikinyesha, maji yanashuka mbio na udongo mweusi, mbegu zimo humohumo, mpaka ziwani. Na mvua yenyewe siku zile ilikuwa imeanza vitimbi. Inachelewa mpaka watu wamechoka kuangalia juu, kisha inamwagika yote kwa pamoja kama ilikuwa imefungiwa mahali. Msimu wa kwanza tulivuna maharage ya kujaza kofia. Msimu wa pili hata kofia haikujaa.

Siku moja shangazi alikaa mlangoni anatazama ziwa, maji yamekuwa mekundu ufukweni. Akasema, "Mastulah, unaona kule? Lile ni shamba letu linaogelea."

Kesho yake akaazima jembe.

Alipokuwa mtoto Rwanda, watu walilazimishwa na wakoloni kuchimba mitaro kukata vilima, kutoka upande huu mpaka ule, ili maji yasishuke na udongo. Waliiita miringoti. Asiyechimba alichapwa kiboko. Mama yake alitema mate kila akilisikia neno hilo, na shangazi naye aliapa hatalitamka. Sasa alikuwa anachimba mwenyewe, bila wa kumsimamia.

Kazi yenyewe si nguvu tu. Mtaro ukiinama kidogo, maji yote yanakimbilia upande mmoja, yanapasua ukingo. Kwa hiyo shangazi aliweka sinia chini, akatia maji kidogo, akainama mpaka shavu liguse majani. Maji yakienda kushoto, tunasogea. Yakitulia katikati, ananiambia, "Chomeka kijiti hapo." Tukachimba kufuata vijiti, na kwenye ukingo tukapanda mabingobingo, majani marefu ya kushika udongo.

Kamugisha, mchungaji wa kutoka Masha aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake hapo, alisimama kila siku kutuchokoza.

"Nyabo Zuhurah, unazika nani? Kaburi refu hivi, la chatu?"

"La njaa, baba. Ukitaka nitakupimia na wewe."

Hakuwa mbaya. Ila zamani alikuwa mpishi wa askari, na Kiswahili chake chote kilitoka kambini. Alipokwenda Kikagate akawaambia watu kwamba kuna mama anachimba handaki mlimani. Neno hilo, wakati huo wa vita vya msituni! Haikuchukua muda, akaja sajini na askari wawili, kwa miguu, jasho linawatoka.

"Nani anachimba handaki hapa?"

"Hakuna handaki, afande," shangazi alisema. "Hii ni miringoti."

"Miringoti ni silaha gani?"

Kicheko kilinijia, hofu ikakirudisha. Sajini alitazama mitaro yetu, mmoja juu ya mwingine, akatikisa kichwa.

"Fukia. Yote. Jioni narudi hapa, nataka naona chini iko sawa."

Mawingu yalikuwa yameshapanda nyuma ya ziwa. Maharage yalikuwa ardhini, mbegu zetu za mwisho, ndani hakuna hata moja ya kupika. Tukifukia, udongo ule uliolegea ungeondoka na mvua ya kwanza, na mbegu nyuma yake. Nilidhani shangazi atambembeleza. Lakini hakupiga magoti.

"Sawa, afande. Ila kwanza ingia."

"Ingia wapi?"

"Kwenye handaki. Wewe ni askari, unayajua. Likikuficha, nafukia sasa hivi."

Sajini aliingia. Mtaro ukamfika magotini. Akachuchumaa, mgongo wote nje. Akainamisha kichwa, ndiyo ikawa mbaya zaidi.

"Afande, hata kuku inaonekana humu!" askari mmoja alisema, na mwenzake akageuka pembeni, mabega yanamtetemeka.

Shangazi akamwita Kamugisha, aliyekuwa amejificha nyuma ya ng'ombe wake. "Baba, mwambie afande uliona bunduki ngapi hapa."

"Mimi sikuona bunduki, ssebo. Shimo refu, mimi ningeitaje? Kambini tuliita hivyo!"

Sajini alitoka, akajipangusa. Hakucheka. Aliuliza shimo ni la nini basi, na shangazi akamwaga ndoo ya maji pale juu. Maji yakaja mbio, yakatumbukia, yakasimama. Sajini aliyatazama mpaka yakaanza kuzama.

"Kwetu pia maji inakula shamba ya mama," akasema polepole. Halafu akakumbuka cheo chake. "Handaki hapana! Hiyo neno nisisikie tena. Nani atasema handaki, huyo ndiye atafukia."

Kamugisha alipiga saluti.

Mvua ilikuja kabla wiki haijaisha. Ukingo mmoja ulipasuka, tukaukimbilia na majembe na majani, shangazi anatukana maji kwa Kinyarwanda. Kulipopambazuka, mashamba ya jirani yalikuwa na makorongo. Letu lilikuwa na maji yametulia mistari mistari, na maharage yakaota yote, mpaka pembeni.

Wa kwanza kuja alikuwa Kamugisha, na kibuyu cha maziwa. "Nyabo, ile kazi... nipimie." Alikuwa na kashamba ka mkewe upande wa pili. Baada yake wakaja wengine, na kilima chote kikaanza kufanana na shamba letu.

Mimi nilikuwa nabeba vijiti, nasikiliza. Mama huyu wa sambusa alikuwa anasimama juu ya mtaro na kumfokea mwanamume mzima, "Umechimba kama unakimbizwa! Umepinda! Rudi juu, anza tena."

Naye anarudi juu, anaanza tena.