Usumba wa Maji Saba

Kwa miaka thelathini na miwili makalio ya mtaa mzima yalikaa juu ya kazi ya mikono yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama na kulalamika. Ndivyo alivyopenda kujisifu Mama Usumba, fundi wa makochi, nasi hatuna sababu ya kumpunguzia. Jina alipewa na wateja, kwa kuwa alikataa katakata kujaza viti kwa sponji ya dukani. Yeye na usumba tu: nyuzi za makumbi ya nazi, zilizoozeshwa majini, zikapigwa, zikachambuliwa hadi zikashikika.

"Sponji utaizika," alikuwa akiwaambia wateja. "Usumba utakuzika wewe."

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, nyuma ya seremala aliyemtengenezea fremu. Springi zilining'inia ukutani, shazia zake, sindano zile nene za kushonea, zilichomekwa kwenye kipande cha godoro kuukuu, na kwenye dirisha la nyuma, palipokuwa na mapipa ya kulowekea, alitundika gunia lililochakaa ili jua lisimchome akichambua. Kila kitu mle kilikuwa na nyuzi: meza, birika la chai, kope zake mwenyewe. Na binti yake pia, alipokuwa mdogo.

Hapo ndipo palipokuwa na donda. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa akijikung'uta sare nyuma ya ukuta kabla ya kuingia shuleni, na alimwomba mama yake amsindikize mpaka kwenye kona tu, asifike getini. Wenzake walimwita Usumba Mdogo. Mama aliyaona yote, akaendelea kushona. Makochi ndiyo yaliyomsomesha mtoto huyo mambo ya mimea hadi akaajiriwa kwenye bustani kubwa ya mji. Siku ya kupata kazi, mama alifurahi mpaka akalia. Lakini kona ile hakuisahau.

Sasa, asubuhi moja, binti akaingia karakanani amekumbatia boksi, uso umemshuka. Ndani mlikuwa na vyungu vitatu vya mimea iliyodhoofika, majani marefu, kila jani na ncha iliyojinyoosha kama uzi.

"Hii ndiyo mimea yako inayokula wadudu?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Hapo kwenye ncha hutoka kigudulia chenye mfuniko. Mdudu anateleza, anazama, mmea unajilia taratibu. Lakini hii haitoi kitu. Nilikabidhiwa arobaini. Kumi na mmoja imeshakufa."

Akaeleza yote. Bustani ilikuwa na nyumba ya vioo, naye ndiye aliyepewa kuitunza. Mkuu wa bustani alikuwa ameshasema kwamba kama siku ya kuifungua kwa wageni hakutaonekana kigudulia hata kimoja, nyumba itageuzwa stoo ya viti, na mtunzaji wake atahamishiwa kwenye kukata nyasi. Ilibaki miezi mitano. Vitabu vilitaka mimea ipandwe kwenye majani ya kinamasi yaliyokaushwa, mepesi, yanayonyonya maji, na hayo hutoka ng'ambo. Yaliyokuwapo yalikuwa yamezeeka na kugeuka uji. Mengine hayakupatikana.

"Na udongo wa kawaida?"

"Unaiua. Mizizi yake inataka unyevu na hewa kwa pamoja. Mbolea haitaki kabisa."

"Mambo yote hayo, na unakuja leo?"

Binti akaliweka boksi mezani.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," mama akasema, lakini kwa upole. Akavuta chungu kimoja, akatia kidole pembeni mwa mmea, na kidole kikagoma kuingia. Uso wake ukabadilika. Huo ndio uso aliokuwa nao kila alipoletewa kochi lililojazwa na fundi mwingine.

"Hiki nani kakijaza?"

"Mimi."

"Kwa kidole gumba?"

"Ili mmea usimame, mama."

"Kidole gumba ni cha kutia sahihi, si cha kujazia. Umeshindilia! Kiti ukikishindilia namna hii, hewa haipiti, jasho linabaki ndani, kitambaa kinaoza. Mzizi utaponea wapi?" Akachota konzi ya usumba, akaukamua, akafungua kiganja. Usumba ukainuka polepole. "Unauona? Kinachoinuka ndicho kinachopumua."

Binti akasita. "Usumba tulishajaribu. Majani yakaungua kingo zote. Una chumvi."

"Mliuosha maji mangapi?"

"Mawili."

Mama Usumba akacheka mpaka seremala akachungulia kuona kulikoni. Chumvi! Nani wa kumfundisha yeye chumvi? Alipoanza kazi alimjazia mwalimu mkuu mmoja kochi kwa usumba kama huo, uliooshwa juujuu. Usumba huozeshwa kwenye maji ya chumvi, na chumvi ile haikuzionea huruma springi. Kabla ya mwaka kwisha zikapata kutu, moja ikakatika, ikapenya kitambaa na suruali ya mwalimu mkuu, na ilipofika hapakuwa mahali pa kusimulia. Tangu siku hiyo usumba wa karakana ile huoshwa maji saba, na maji ya saba fundi huyaonja kwa ulimi. Yakiwa na ladha yoyote, kazi inaanza upya.

"Niachie hii mitatu," akasema. "Iliyobaki kaishindilie mwenyewe."

Binti aliiacha, ingawa kwa uso wa mtu anayeacha mgonjwa kwa jirani. Lakini alimpa masharti, na mama akayashika yote kichwani: maji ya bomba yana chokaa, mimea haiyapendi, jua kali linaichoma, kiza kinaifanya ivie, hewa kavu ikizidi, ncha za majani hukauka kabla hazijawa vigudulia. Basi maji matano ya kwanza mama akayatoa bombani, mawili ya mwisho akayakinga kwenye mvua. Akaonja. Akaonja tena. Alipoona usumba mtupu unapitisha maji upesi mno, akauchanganya na vipande vya makumbi na mkaa uliopondwa, akajaza vyungu kwa ncha za vidole, kama anayejaza mto wa kichanga. Kisha akaviweka dirisha la nyuma, kati ya mapipa. Gunia likachuja jua, mapipa yakaipa hewa unyevu. Mahali hapo alikuwa amepatengeneza kwa ajili ya macho yake mwenyewe, kumbe mimea nayo ilikuwa inapahitaji.

"Dada," seremala akamtania, "siku hizi unaishonea miti makochi?"

"Wewe leta fremu."

Mmoja ulikufa. Tuseme ukweli, aliuua yeye. Aliuona mdogo kuliko wenzake, akauonea huruma, akautilia mbolea ya mbuzi kidogo tu, ya kushika kwa vidole viwili. Baada ya wiki mbili ukawa mweusi. Mwenyewe alimpigia simu binti yake, hakuficha.

"Nimeua mmoja. Kwa huruma."

Binti akaangua kicheko, na mama hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia. "Hata mimi nilianza hivyohivyo, mama. Nilidhani una njaa."

Miwili iliyobaki ilipofikisha wiki ya saba, ncha ya jani moja ikavimba kama punje ya mchele. Mama hakusema kitu kwa mtu. Aliacha kochi la mteja limefumuliwa kila siku ili akachungulie. Punje ikawa kidole, kidole kikajipinda juu, kikajaa hewa, na asubuhi moja mfuniko ukafunguka: kigudulia kamili, chenye mdomo mwekundu na michirizi. Binti alipofika alipiga magoti mbele ya dirisha, akatia kidole pembeni mwa mmea. Kidole kikaingia bila kugombana.

"Nifundishe," akasema.

Walihamisha mimea ishirini na sita kwa siku tatu, mama na binti, wamekaa chini ndani ya nyumba ya vioo, mapipa chini ya meza, magunia yametandazwa chini ya paa. "Legeza," mama alikuwa akisema. "Legeza tena." Msomi akalegeza. Mama Usumba alirudi nyumbani na mgongo unaouma na kifua kimejaa, akajiambia waziwazi kwamba hajawahi kujivunia kazi kama hiyo, wala mtoto kama huyo.

Siku ya wageni vigudulia vilikuwa vinaning'inia huku na huku, kumi na tisa kwa hesabu ya mama, na watoto wa watu walikuwa wanachungulia ndani kutafuta nzi. Mama Usumba alisimama nyuma, karibu na mlango, kwa gauni lake la kutokea. Mazoea yale ya kona ya shule.

Mkuu wa bustani akachukua chungu, akakigeuzageuza. "Mchanganyiko huu," akamwuliza binti mbele ya wageni, "umeutoa kwenye kitabu gani?"

Binti akageuka. Alipenya kati ya watu mpaka mlangoni, akamshika mama yake mkono, akaja naye hadi katikati.

"Kitabu chenyewe ndicho hiki," akasema. "Fundi wa makochi. Mama yangu."

"Shikamoo, mama," mkuu wa bustani akasema, akakirudisha chungu mezani kwa mikono miwili.

"Marahaba," mama akaitikia. Akamgeukia binti yake, na hapo akaona unyuzi wa usumba umeng'ang'ania begani, juu ya sare safi ya kazi, mbele ya wageni wote. Mkono ukaenda wenyewe kuutoa, kama ulivyokwenda miaka yote.

Binti akaudaka mkono ule. "Uache, mama."

Mama Usumba akauacha.